Kosa la Kumi na Mbili

Mtu wa kwanza kumpa Mudira namba bila kuombwa alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, na shingoni alining'iniza filimbi ya chuma. Ilikuwa wiki ya mitihani. Duka la fotokopi lilijaa walimu wa kila aina, mashine mbili zinanguruma na ya tatu imekufa, joto la wino na la watu limechanganyika, na kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyefika wa kwanza.

"Kumi na nne," yule bwana alisema, akimkabidhi kipande cha karatasi kilichokatwa kwa rula.

"Wewe ndiye mwenye duka?"

"Hapana. Nilikuta vurugu, nikaipanga."

"Kwani ilikuita?"

Watu wakacheka. Yule bwana hakucheka. "Una kurasa ngapi za kunakili?" aliuliza.

"Utanisaidia kuzibeba?"

"Unafundisha wapi?"

"Una mtoto wa kuandikisha?"

"Dada yangu, wewe hujibu maswali. Unayazalisha."

Mudira si jina, ni cheo. Ndivyo anavyoitwa mwanamke anayeongoza madrasa. Yeye aliongoza ya marehemu baba yake mwaka wa tisa sasa, na hata mama yake mzazi alishazoea kumwita hivyo. Siku hiyo alivaa baibui jeusi lililoshika chaki mikononi na mtandio wa zambarau alioufunga kwa haraka. Alikuwa na mtihani wa watoto mia na arobaini mkobani, na hakuwa na subira ya kupangwa na mtu asiyemjua. Akatupa jicho mlangoni. Mwalimu mmoja mja mzito, mimba ya miezi minane kama si tisa, ameegemea ukuta na kipande chake cha karatasi mkononi. Kumi na saba.

"Na hizo namba zako hazina macho?" Mudira aliuliza, akimwonyesha kwa kidevu.

Yule bwana aligeuka, akaona, uso ukambadilika. Akatoa mfukoni namba yake mwenyewe, ambayo ilikuwa ya pili, akampelekea yule mama kwa mikono miwili, kisha akaenda kusimama nyuma ya watu wote bila kusema neno. Mudira alitamani aseme neno. Mtu uliyemkasirikia akifanya wema kimyakimya, hasira yako huipeleki popote. Akarudi nayo nyumbani, pamoja na ile kumi na nne iliyosahaulika mkobani.

Baada ya wiki mbili walikutana tena, safari hii mezani, kwenye ofisi ya umoja wa madrasa. Umoja ulikuwa umechoka kusikia kila shule ikijisifu kwamba yake ndiyo njia sahihi. Ukaamua shule mbili zisizofanana hata kidogo zibadilishane viongozi kwa wiki sita. Ya kwanza ni ya Mudira, ukumbi wa zamani ambao kelele zake husikika mtaa wa tatu. Ya pili ilijengwa na watu ambao mababu zao walitoka mbali; nyumbani walizungumza lugha yao, na mjini waliitwa watu wa lango la kijani, kwa sababu ya lango la shule yao lisilochelewa hata dakika moja. Mkuu wake alikuwa yule mwenye kanzu.

"Kumi na nne," alimsalimu.

"Bwana Filimbi," Mudira alijibu, na jina likamganda.

Masharti yalikuwa mafupi. Muislamu ni kioo cha nduguye, kwa hiyo kila mmoja ataandika daftari la kioo. Ndani yake yaandikwe makosa tu, sifa marufuku, dawa marufuku, kwa kuwa ukimpa mtu kosa na dawa pamoja atameza dawa asahau kosa. Siku ya mwisho, kila mmoja atasoma daftari lake mbele ya kamati zote mbili. Kwa upande wa Mudira aliyetia saini alikuwa Ami, mdogo wake marehemu baba na mwenyekiti wa kamati. Alitia saini huku anatabasamu. Mudira alilijua tabasamu lile tangu utotoni na hajapata kulipenda. Ami alikuwa na mkwe mwenye cheti kizuri asiyekuwa na kazi.

Simu ya kwanza ilikuja Jumatatu baada ya alasiri, watoto wameshatoka.

"Bi Mudira, rejista yako iko wapi?"

"Ya nini?"

"Ya kujua nani yupo na amefika wapi kwenye msahafu."

"Si uwaangalie?"

"Nimewaangalia. Watoto mia na arobaini katika ukumbi mmoja, kila mmoja anasoma mahali pake, kwa sauti yake, wote kwa wakati mmoja. Kichwa kinaniuma mpaka kwenye meno."

"Wakubwa wanawasikiliza wadogo. Wewe unawasikiliza wakubwa. Ugumu uko wapi?"

"Nani anajua kila mtoto amefika wapi?"

"Mimi."

"Imeandikwa wapi?"

"Kwani mimi sina kichwa?"

"Mwaka jana uliugua homa siku nane," alisema. "Wameniambia. Siku hizo nane walisoma nini?"

Mudira alikata simu. Alilijua jibu. Siku zote nane walirudia ukurasa uleule, kwa sababu hakuna aliyejua nani asogezwe.

Naye huku lango la kijani alikuwa anapigwa na mambo ya kwao. Kila mtoto alikuwa na kadi ya karatasi ngumu. Mwalimu akimsikiliza anaandika tarehe na aya, anatia saini. Mwalimu akiugua, mwingine anachukua kadi na kuendelea hapohapo. Jambo dogo, mtu angeona haya kuliita elimu. Mudira alizishika zile kadi moja baada ya nyingine, akazipenda, na moyo ukamuuma kwamba hakuzibuni yeye.

Ila kulikuwa na lango. Saa moja kamili mlinzi alipuliza filimbi, chuma kikagonga chuma, na aliyechelewa alibaki nje mpaka saa mbili kasoro robo. Nje penyewe ni ukanda wa udongo kati ya ukuta na barabara, mahali ambapo pikipiki na malori hukata kona. Siku ya pili Mudira alihesabu watoto tisa pale. Mmoja wa darasa la tatu, msichana mwembamba aliyevaa viatu vya kaka yake.

"Mbona unachelewa, mwanangu?"

"Namwogesha bibi kwanza. Hawezi kuinuka."

Tangu siku ya tatu Mudira alisimama nje pamoja nao. Aliipa barabara mgongo, akawapanga ukutani, akawasomesha hapohapo mpaka lango lifunguliwe. Jioni alifungua daftari la kioo, akaandika kwamba chaki za shule zinavunjika ovyo.

Msimlaumu haraka. Nyumba aliyolelewa ilikuwa nyumba ya sitara. Baba yake alimfundisha kwamba aibu ya mwenzio unaikunja unaiweka mfukoni, kisha unamwambia mkiwa wawili. Kila siku alikusudia kumwambia Bwana Filimbi habari za lango. Kila siku simu ikilia yanaingia mengine.

"Leo nimefanya jambo la aibu," Bwana Filimbi alimwambia wiki ya tatu.

"Umecheka?"

"Niliziba masikio, halafu nikayazibua. Yule mdogo wako kabisa, mwenye pengo, anasoma vizuri kuliko mwalimu wangu wa darasa la sita. Nani kamfundisha?"

"Dada yake. Na dada yake kafundishwa na nani?"

"Nakuuliza, unaniuliza."

"Umekasirika?"

"Nimezoea. Hilo ndilo linalonitisha."

Na siku nyingine: "Jana hukupokea simu."

"Ulisubiri?"

"Nilikaa na chakula mbele yangu mpaka kikapoa."

"Pole. Kilikuwa kitamu?"

"Mudira wangu, jibu swali moja tu kabla hatujafa."

"Wako tangu lini?"

Lakini uso ulimwaka, na mama yake, aliyekuwa anakunja nguo pembeni, aliinua macho na kuyashusha tena. Wiki ya tano Mudira akajikuta anapiga pasi mtandio wa zambarau kwa ajili ya simu, kana kwamba simu inaona. Hapo ndipo alipojua kwamba ameshatumbukia. Na ndipo habari za lango zilipozidi kumkwama kooni, maana mtu yule alilipenda lango lake kama wengine wanavyopenda mtoto wao.

Siku ya kusoma ilifika. Ukumbi wa umoja ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka kwa shida. Wazee wa lango la kijani walikaa kulia, kamati ya Ami kushoto. Bwana Filimbi alivaa kanzu mpya ya rangi ya maziwa, na alipomwona Mudira akiingia alisahau kukaa.

Mudira alitangulia. Makosa matatu: chaki, filimbi inayopulizwa mno, na walimu kunywa chai kila mtu chumbani kwake. Watu wakacheka kwa raha. Wazee wa kulia walitazamana.

Kisha akasimama Bwana Filimbi. Alikuwa na makosa kumi na moja, na aliyasoma kwa sauti ileile moja, kama anayesoma majina ya wasafiri. Hakuna rejista. Hakuna ratiba ukutani. Wazazi hawajui watoto wao wamefika wapi. Na kadhalika, mpaka la mwisho.

"Madrasa hii imo kichwani mwa mtu mmoja," alisoma. "Mtu huyo akianguka leo, kesho hakuna madrasa."

Hakuna aliyecheka. Ami alitikisa kichwa polepole, kwa huzuni nzuri ya mtu aliyepewa zawadi.

Kesho yake kamati ikakaa bila yeye, na alasiri akaitwa kukabidhi funguo.

"Si maneno yangu, mwanangu," Ami alisema. "Ni ya kioo. Pumzika kidogo. Mkwe wangu atashikilia."

Alipofika nyumbani simu ilikuwa inalia.

"Nimesikia sasa hivi," Bwana Filimbi alisema. "Sikujua kama watafanya hivyo."

"Ulidhani Ami atalifanyia nini daftari lako, apepee jiko?"

"Nilitimiza masharti."

"Wiki sita unanipigia kila siku. Kila siku! Ukashindwa kuniambia hata moja kati ya hayo kumi na moja mpaka uyasome mbele ya watu? Umenivua nguo."

"Nimekuheshimu. Kwetu, mtu asiyekutajia kosa lako mbele ya wenzako ni mtu aliyekata tamaa nawe. Wewe ndiye uliyenitukana. Chaki, filimbi, na chai. Shule ya watoto mia tano, ukaona chaki? Wazee waliniuliza kama umetudharau."

"Nilikusitiri."

"Ulinisitiri nini?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Funguo za baba yake hazikuwepo tena mkobani, na Mudira alitaka huyu mtu aumie.

"Tafuta mwenyewe," alisema, akakata, akaifungia namba yake isimpate tena.

Siku kumi na moja zilipita. Mudira alikaa nyumbani akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Mama yake alimvumilia siku kumi, ya kumi na moja akamwambia kwamba aliyesusa hapaswi kuangalia simu kila baada ya dakika mbili. Ilipolia, hakuwa Bwana Filimbi kwa namba nyingine. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu wa lango la kijani.

"Yule msichana anayemwogesha bibi yake," mwalimu alisema. "Pikipiki imemgonga pale nje, asubuhi, lango limeshafungwa. Yuko hospitali. Anamtaka mwalimu wa nje. Tumeshindwa kumjua ni nani, mpaka wenzake wakasema ni wewe."

Mudira hakumbuki alivyofika. Mtoto alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta mpaka juu ya goti. Daktari alisema mfupa umevunjika mara mbili lakini utaunga, na kichwa kiko salama. Viatu vya kaka yake vilikuwa chini ya kitanda, kimoja kimechanika. Alikaa naye kidogo, akamshika kidole, kisha akatoka kwenda ujiani kwa sababu hakutaka kulia mbele yake.

Bwana Filimbi alikuwa kwenye benchi la ujia. Kanzu imekunjamana, upindo una damu iliyokauka, shingoni hamna kitu.

"Kwa nini anakuita mwalimu wa nje?" aliuliza bila salamu.

Mudira alimwambia. Watoto tisa, ukanda wa udongo, wiki sita amesimama ameipa barabara mgongo. Alimwambia yote bila kuuliza swali hata moja, na jinsi alivyoendelea ndivyo uso wa yule bwana ulivyozidi kuwa mgeni.

"Wiki sita," alisema. "Uliona kwa wiki sita. Ukaandika chaki."

"Nilitaka kukuambia tukiwa wawili."

"Kwenye simu tulikuwa wangapi? Sitara gani hii inayovunja mguu wa mtoto?"

"Na ukweli wako uliompa Ami kisu ni ukweli gani? Usinifanye mimi pekee ndiye mkosaji. Lango ni lako. Filimbi ni yako. Miaka yote hiyo hukuwahi kusimama nje ya ukuta wako hata siku moja ukaangalia."

"Sikuwahi," alisema. Lilimtoka kama jino. "Ndiyo maana uliletwa wewe. Nyani haoni kundule, ndiyo maana ya kioo. Niliyaamini macho yako, ukayafumba."

Muuguzi alitokeza kichwa akawaomba washushe sauti. Wakashusha, ikawa mbaya zaidi.

"Kesho wazee wetu wanakaa," alisema. "Wameshaandika kwamba ni ajali, kosa la mwenye pikipiki. Njoo usome ulichoficha."

"Watakuondoa."

"Najua."

"Siwezi."

"Mudira, ulikuwa unanisitiri mimi, au ulikuwa unajisitiri wewe?"

Alitaka kuuliza swali. Lilikuwepo, mdomoni kabisa. Lakini nyuma ya mlango kulikuwa na mguu wa mtoto ndani ya plasta, na mficha maradhi kifo humuumbua.

"Niliogopa ungeacha kunipigia simu," alisema. "Nimekupenda. Ndiyo hiyo sitara yenyewe, haina kingine ndani."

Macho ya Bwana Filimbi yalikuwa mekundu, na hayakulainika.

"Basi mimi nimekupenda pia, na nina hasira na wewe ambayo sijui nitaipeleka wapi," alisema. "Saa tatu kamili. Usichelewe."

Hakuchelewa. Wazee saba walikaa kwenye zulia la ofisi ya lango la kijani, mkuu wao mbele yao kama mshitakiwa. Mudira alifungua daftari la kioo ukurasa alioujaza alfajiri ile.

"Kosa la nne, ambalo nililiona nikalificha," alisoma. "Shule hii inamfungia nje mtoto aliyechelewa, kando ya barabara, robo tatu ya saa. Haimuulizi kwa nini amechelewa. Inajali saa kuliko mtoto." Aliendelea mpaka mwisho, na mwishoni akaongeza kwamba kuficha kwake ni kosa lake yeye, wasimtwishe mwingine.

Mzee wa katikati alimgeukia mkuu wa shule. "Ulijua?"

"Sikujua. Niliweka sheria, sikwenda kuiona."

Walizungumza kwa lugha yao muda mrefu, bila upole. Mwishowe ikaamuliwa kwamba lango liwe wazi na anayechelewa apokewe ndani na aulizwe sababu. Na yeye si mkuu tena, atafundisha darasa la nne. Yule bwana aliinamisha kichwa. Halafu akamgeukia Mudira, akamwambia maneno mawili ambayo hakuyaelewa.

"Anasema umemheshimu," mzee alimfasiria.

Nje, chini ya ukuta, walisimama mbali kidogo. Yeye ndiye aliyeanza kusema, akiangalia barabara.

"Chini ya meza yako kuna sanduku la mbao. Hujaliona?"

"Nimeondolewa kabla sijarudi mezani, umesahau?"

"Kuna kadi ndani. Niliwasikiliza mmoja mmoja, wakubwa wakanisaidia. Sikuruhusiwa kusoma dawa, lakini hakuna aliyenikataza kuiacha. Ziko mia na thelathini na saba."

"Watoto ni mia na arobaini."

"Watatu walikataa kunisomea. Walisema wanakusubiri wewe."

Mudira aliutazama udongo mpaka macho yakakauka.

Ijumaa alasiri wazazi walijaa kwenye ukumbi wa madrasa. Mkwe wa Ami alikuwa ameshawapanga watoto kwa umri, safu nne, wote ukurasa mmoja. Wakubwa wakasinzia, wadogo wakalia, na kelele nzuri ya kusoma ikawa kelele ya kawaida tu. Wazazi walitaka maelezo. Mkwe akasimama na cheti chake, Ami akasimama naye. Mudira alipita katikati yao wote, akaingia ofisini, akainama chini ya meza na kutoka na sanduku. Mkwe alikuwa akiweka miguu juu yake siku zote zile, akidhani ni makaratasi ya zamani.

"Kosa lililosomwa ni kweli," aliwaambia wazazi. "Nilikiweka kila kitu kichwani mwangu, nikajiona hodari. Ningekufa, watoto wenu wangeanza upya. Dawa yake ni hii, kadi ya kila mtoto, nimejifunza kwa wenzetu wa lango la kijani. Nao wanajifunza kwetu jinsi mkubwa anavyomsikiliza mdogo." Akamgeukia Ami. "Ami, dawa ilikuwa chini ya meza. Wewe ulichukua kosa ukaacha dawa, kwa sababu ulitaka kiti hiki kwa ajili ya mkwe wako."

"Unanivua nguo mbele za watu," Ami alisema, midomo imekauka. "Mimi, mdogo wake baba yako."

"Nimekuheshimu, Ami," Mudira alisema.

Funguo zilirudi kabla ya magharibi. Ami aliziweka mezani badala ya kumpa mkononi, na mwezi mzima hakumjibu salamu zaidi ya nusu.

Kwa bahati mbaya ya watu wote, yeye ndiye aliyekuwa walii wake. Baba akishafariki, anayeombwa mkono wa binti ni ami. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la nne alipokuja na baba yake mzazi, kanzu imepigwa pasi mpaka mikono imesimama, ilibidi wakae mbele ya mtu aliyemchukia yeye na Mudira kwa usawa. Mudira alikuwa nyuma ya pazia na mama yake, amevaa ule mtandio wa zambarau.

"Wewe," Ami alisema, "ulisoma makosa yake kumi na moja mbele ya mji mzima. Leo unataka kumuoa?"

"Ndiyo, mzee."

"La kumi na mbili halipo?"

"Lipo."

Nyuma ya pazia Mudira alifumba macho. Akasema moyoni, haya, ameanza.

"Tulisikie basi," Ami alisema, akijiweka sawa kitini.

"Hilo nitamwambia mwenyewe, tukiwa wawili," yule bwana alisema. "Nimejifunza kwenu."

Ami alinung'unika kwamba kama mwenyewe atakubali yeye hana kauli, akaomba maji. Mama akavuta pazia, akawaachia kibaraza, naye akakaa mlangoni mahali anapowaona, akishona kifungo ambacho hakikung'oka.

Walisimama na mbao za kibaraza katikati yao. Mudira alikuwa bado na hasira naye, kidogo, mahali fulani karibu na mbavu. Alijua naye anayo yake. Yule msichana alikuwa ameanza kutembea na magongo, na asubuhi mbili za wiki ile walikutana kwa bibi yake bila kuahidiana, wakiosha vyombo kimya.

"Haya," alisema. "La kumi na mbili ni lipi?"

"Ukiulizwa swali, unajibu kwa swali. Mtu hajui kamwe amefika wapi nawe. Sina kadi yako." Aliinua mkono kifuani kutafuta filimbi, haikuwepo, akaushusha. "Utakubali nikuoe?"

Swali lilimjia lenyewe, tayari limevaa viatu: kwani Ami amekubali? Na jingine nyuma yake: utaweza kelele zangu? Na jingine. Mama yake aliacha kushona. Mudira aliyameza yote, moja baada ya jingine, na yalikuwa machungu kushuka.

"Ndiyo," alisema.